Ibada ya nyumbani yenye unga mikononi

Katika nyumba nyingi za Kikristo ninazozifahamu hapa Dodoma, ibada ya familia hufanyika baada ya chakula cha usiku, wakati watoto wameshiba na mdogo kuliko wote ameshaanza kusinzia mapajani mwa dada yake. Baba anasoma sura moja, anaieleza kwa kirefu, wimbo unaimbwa kwa sauti zilizochoka, kisha sala inazunguka mpaka imfikie mtoto wa mwisho aliyebaki macho. Siidharau ibada ya namna hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonilea na ndiyo iliyonipa zaburi ninazozikumbuka hadi leo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka sita hajifunzi kwa masikio peke yake, na kwamba Biblia yenyewe, muda mrefu kabla ya kuwapo shule ya Jumapili, iliagiza watoto wafundishwe imani kwa vitu vinavyoshikwa, vinavyoonjwa na vinavyobebwa.

Tazama Kutoka 12. Usiku ule wa kuondoka Misri, Waisraeli hawakuagizwa kukaa chini wasikilize maelezo. Waliagizwa kula nyama iliyookwa motoni, pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga zenye uchungu, huku wamejifunga viuno, wamevaa viatu na wameshika fimbo mikononi. Kisha katika mstari wa 26 linatajwa jambo ambalo wazazi wengi tunalipita haraka: watoto watauliza utumishi huo una maana gani, na hapo ndipo mzazi atakapojibu. Utaratibu ni uleule katika Yoshua 4, ambapo mawe kumi na mawili yanatolewa katikati ya Yordani na kusimamishwa Gilgali, ili siku moja watoto wayaone na kuuliza, "Mawe haya maana yake ni nini?" Kinatangulia kitu, linafuata swali la mtoto, na jibu la mzazi linakuja mwisho. Sisi tumezoea kuanza na jibu, tena jibu refu la swali ambalo hakuna mtoto aliyeliuliza, halafu tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana hamu ya Neno.

Wala wazo la kwamba nyumba ndiyo darasa la kwanza la imani si la kisasa. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, alipotoa Katekisimu yake Ndogo, yaani kitabu kifupi cha mafundisho ya msingi ya imani, mwaka 1529, aliandika juu ya kila sehemu kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Kumbukumbu la Torati 6:7 nayo inataka maneno ya Mungu yanenwe mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Ukiyatazama mambo hayo manne kwa makini utaona kwamba ni maisha ya kawaida ya siku nzima, na maisha ya siku nzima, kwa mtoto, ni kupika, kuchota maji, kufagia, kutumwa dukani na kucheza mchangani.

Kwa sababu hiyo sivutiwi sana na kazi za mikono zinazosambazwa mtandaoni kwa ajili ya ibada za watoto. Zipo nyingi na zinapendeza: kondoo wa pamba, safina ya vijiti vya aiskrimu, nyota za karatasi inayong'aa. Shida yake si gharama tu, ingawa gundi, rangi na karatasi ngumu zikinunuliwa kila wiki zinaumiza mfuko. Shida ni kwamba mara nyingi mtoto anamaliza akiwa amejifunza kubandika pamba na hakuna zaidi. Kabla ya kuchagua kazi yoyote hujiuliza swali moja: je, nikiiondoa kazi hii, mtoto atapungukiwa na kitu katika kuielewa habari yenyewe? Kwa kondoo wa pamba jibu ni hapana. Lakini mtoto aliyewahi kutumwa jioni kumtafuta mbuzi aliyepotea, akarudi na miba miguuni, hahitaji kuelezwa sana kwa nini mchungaji wa Luka 15 alifurahi hata akawaita majirani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chachu, na kwetu hufanyika Jumamosi jioni, wakati wa kukanda unga wa maandazi ya asubuhi ya Jumapili. Tunaandaa mabeseni mawili. La kwanza linatiwa unga wa ngano, sukari, iliki, maziwa na hamira iliyokwisha kuumuliwa katika maji ya vuguvugu. La pili linatiwa vitu vilevile isipokuwa hamira. Kila mtoto anakanda, hata yule mdogo ambaye nusu ya unga wake huishia kwenye nyusi. Kisha tunafunika kwa vitambaa, tunayaweka mabeseni karibu na jiko la mkaa, na tunaimba huku tukisubiri. Sisomi chochote wakati huo. Mwanangu wa kati ndiye asiyeweza kuvumilia: anafunua kitambaa, anabonyeza donge kwa kidole, anatazama shimo likijaa polepole kama pumzi ya mtu aliyelala, kisha anakwenda kwenye beseni la pili, anabonyeza tena, na shimo linabaki vilevile. Jumamosi moja alilipasua donge lililoumuka, akatazama vitundu vilivyojaa ndani yake, akauliza, "Mama, sasa hamira yenyewe iko wapi?"

Swali hilo ndilo mlango wa Mathayo 13:33, mahali ambapo Yesu anasema kwamba ufalme wa mbinguni umefanana na chachu ambayo mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga, hata ukachachwa wote pia. Hamira haionekani tena. Huwezi kuichambua ukaitoa. Lakini hakuna sehemu ya donge ambayo haijaguswa. Watoto walilielewa neno "kusitiri" kwa vidole vyao kabla sijalisoma. Niliongeza mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba wakati wa Yesu hapakuwa na hamira ya pakiti, bali donge la unga wa zamani lililohifadhiwa na kuchanganywa na unga mpya. La pili ni kiasi chenyewe, kwa maana pishi tatu za mfano huo zinakadiriwa kuwa zaidi ya kilo 20 za unga. Nikawapeleka stoo, nikawaonyesha mfuko wa kilo 25, nikamwomba kila mmoja ajaribu kuuinua. Mkubwa alianza kupiga hesabu ya maandazi, akahitimisha mwenyewe kwamba mwanamke huyo hakuwa akipikia familia yake. Alikuwa akipikia sherehe. Nimewahi kuyasikia mahubiri mazuri juu ya mfano huu, lakini sikumbuki kama nimewahi kumsikia mhubiri akiufikia ukubwa wa karamu hiyo kwa haraka kama alivyoufikia mtoto aliyeshindwa kuinua mfuko.

Donge la pili halitupwi. Linasukumwa, linachomwa kwenye kikaango kikavu, na linaliwa jinsi lilivyo, gumu, ili tusome Kutoka 12:39, ambapo Waisraeli wanaoka mikate isiyotiwa chachu kwa sababu wamefukuzwa Misri na hawawezi kukawia. Mtoto anayejua kwamba donge linahitaji saa nzima kuumuka anaipata haraka maana ya watu wasiokuwa na hiyo saa moja. Wiki iliyofuata tulikula mikate ya namna hiyo pamoja na mchunga uliochemshwa bila kutiwa karanga, tukiwa tumevaa viatu ndani ya nyumba, jambo ambalo kwetu ni marufuku na kwa hiyo liliwafurahisha watoto kupita kiasi, huku kila mmoja akiwa na fimbo. Mdogo aliutema mchunga. Sikumgombeza, kwa kuwa uchungu ndio uliokuwa somo.

Hapa niweke mpaka mmoja ambao kwa maoni yangu ni wa lazima. Hatuigizi Meza ya Bwana nyumbani, hata kwa juisi na biskuti, hata kama watoto wanaomba. Kuna mambo ambayo kanisa linayafanya likiwa limekusanyika, chini ya mchungaji, na mtoto anapaswa kukua akijua kwamba kuna kitu anachokingojea. Vilevile siigizi Mwanzo 22, habari ya Ibrahimu na Isaka, wala mateso ya msalaba kwa kumfunga mtoto mmoja kamba. Hizo ni habari za kusomwa kwa sauti ya utulivu, na mikono ikae kimya.

Habari za vipimo ni hazina ambayo wazazi wengi hawaigusi, labda kwa sababu namba katika Biblia zinaonekana kavu. Kwa watoto si kavu hata kidogo, kwa kuwa dhiraa ni umbali wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na shibiri ni mtanuko wa kiganja kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Kila mtoto amezaliwa na rula yake. 1 Samweli 17:4 inasema Goliathi alikuwa na urefu wa dhiraa sita na shibiri. Tulichukua kipande cha mkaa, tukaenda kwenye ukuta wa nyuma, na kila mtoto akampima Goliathi kwa mkono wake mwenyewe. Goliathi wa mdogo alikuwa mfupi kuliko baba yake, na jambo hilo lilizua ubishi mkubwa ambao uliisha pale tu walipokubaliana kwamba kipimo kiwe mkono wa mtu mzima. Kwa dhiraa ya sentimita 45 hivi, jitu hilo linakaribia mita tatu, na ikabidi baba yao apande juu ya kiti ili aweke alama. Kwa mkubwa, ambaye yuko sekondari, niliongeza kwamba hati ya kale ya kitabu hicho iliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, pamoja na tafsiri ya kale ya Kigiriki, zinasema dhiraa nne na shibiri, yaani mita mbili hivi. Tukaweka alama ya pili chini ya ile ya kwanza, na alama zote mbili bado zipo ukutani. Sioni sababu ya kumficha kijana mambo ya namna hiyo hadi ayakute kwa mtu anayetaka kumkatisha tamaa.

Safina tuliipima kwenye uwanja wa mpira wa shule iliyo karibu nasi. Dhiraa 300 kwa 50 za Mwanzo 6:15 ni kama mita 135 kwa 22, kwa hiyo safina inaanzia goli moja, inapita goli la pili na kuendelea. Watoto waliitembea wote kwa miguu.

Kuna kazi nyingine ambazo sitazieleza kwa urefu. Fedha iliyopotea ya Luka 15:8 tunaitafuta umeme unapokatika, kwa tochi moja na ufagio, na kinachofichwa si sarafu ndogo bali noti ya shilingi 10,000, kwa sababu kipande kile cha fedha kilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku moja, na mtoto hawezi kutafuta kwa bidii kitu ambacho hakitanunua hata pipi. Mbegu ya haradali inapatikana kwenye maduka ya viungo sokoni. Tunaiweka kiganjani karibu na punje ya uwele na ya mahindi, kisha tunaipanda. Zote hizi ni rahisi, na mzazi anaweza kuzibuni mwenyewe akisoma sura mapema na kujiuliza ni vitu gani vilivyotajwa humo ambavyo tayari viko ndani ya nyumba.

Kwa sisi wa Dodoma, Yohana 15 ni zawadi ya pekee, kwa kuwa mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora hayako mbali. Mizabibu ya huku haipati baridi kali ya kuilaza, hivyo hupogolewa baada ya mavuno na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tulikwenda kwenye shamba la jamaa yetu wakati wa kupogoa. Watoto walishtuka kuona kiasi cha matawi mabichi, yenye afya, yanavyokatwa na kurundikwa, na kwenye mzabibu yanabaki machipukizi machache tu. Mkubwa alidhani mkulima amekosea. Alipoambiwa kwamba tawi lisipokatwa litajaa majani na kukosa zabibu, nilifungua mstari wa 2, unaosema kwamba kila tawi lizaalo hulisafisha ili lizidi kuzaa, na sikuwa na la kuongeza. Tulirudi nyumbani na tawi moja lililokatwa, tukaliweka dirishani, na kila jioni mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kueleza hali yake: siku ya kwanza bado bichi, kisha majani yamejikunja, kisha yanavunjika yakiguswa. Tukafika mstari wa 6 bila haraka.

Sala nayo inahitaji mikono, kwa sababu ni hapo ambapo watoto huanza kurudia maneno yaleyale ya kuombea chakula na usingizi mwema. Tunatumia ungo. Kabla ya sala kila mmoja anazunguka nyumbani na kuleta kitu kinachomwakilisha mtu au jambo analotaka kuliombea, anakiweka kwenye ungo, na zamu yake ikifika anakishika na kuomba kwa sentensi moja au mbili za kwake mwenyewe. Huja funguo kwa ajili ya baba mdogo ambaye ni dereva wa lori la Kigoma, kikombe cha bibi, daftari kwa ajili ya mtoto wa jirani anayesubiri matokeo ya darasa la saba, jani la muhindi lililokauka kwa ajili ya mvua. Mdogo aliwahi kuleta kandambili moja ya rafiki yake ambaye familia yake ilikuwa imehama mtaa, na hakuna aliyejua kwamba bado alikuwa akimfikiria. Baada ya amina kila kitu kinarudishwa mahali pake, na mtu akinywa chai kesho yake anakutana na kile kikombe.

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi, alitazama ibada zetu kwa siku kadhaa, kisha akaniita pembeni na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, watoto watajuaje kwamba hapa wako mbele za Mungu na si jikoni tu?" Ni hoja nzito na nilimshukuru. Tangu wakati huo kila ibada, iwe ya unga au ya mchanga, inaanza kwa namna ileile: watu wote wananawa mikono, wanakaa kwenye mkeka, simu zinawekwa kabatini, unaimbwa wimbo mmoja kutoka kitabu cha nyimbo na mama mkwe mwenyewe, akiwapo, ndiye anayeomba sala ya kufungua. Inaisha kwa Sala ya Bwana, wote wamesimama. Kilichomo katikati kinaweza kubadilika, hizo nguzo mbili hazibadiliki. Aidha, si kila siku ni siku ya kazi za mikono. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, na siku nyingine tunasoma, tunakariri mstari na kuomba kwa ufupi, kwa kuwa mtoto anayezoea kuchangamshwa kila jioni atalikimbia kanisa siku ya kwanza ya mahubiri marefu.

Wenye watoto wa chini ya miaka mitatu wawe waangalifu na mbegu, kwa sababu njia ya maharage kwenda puani ni fupi sana. Mdogo wetu alipokuwa na umri huo alipewa sufuria na mwiko, akaridhika.

Swali ninaloulizwa zaidi na akina mama wenzangu ni la vijana wakubwa, wale ambao mambo ya unga na mkaa wanayaona ya kitoto. Jibu langu ni kuwaachia maandalizi yote. Mkubwa wetu alipopewa wiki yake alichagua habari ambayo nisingeifikiria: mfereji wa Hezekia, mfalme wa Yuda, unaotajwa katika 2 Wafalme 20:20 na 2 Nyakati 32:30. Alieleza kwamba mfereji huo, unaopitisha maji ya chemchemi ya Gihoni chini ya mwamba hadi birika la Siloamu kule Yerusalemu, una urefu wa mita 533, na kwamba mwaka 1880 yaligunduliwa ndani yake maandishi ya Kiebrania yanayosimulia jinsi makundi mawili ya wachimbaji, kila moja kutoka upande wake, yalivyosikia sauti za wenzao zikiita kupitia mwambani kabla ya kukutana. Kisha akawapeleka wadogo zake kwenye rundo la mchanga wa ujenzi lililoko uani, akaumwagia maji ushikamane, akawapanga wawili upande huu na wawili upande wa pili, pamoja na mtoto wa jirani, akawaambia wachimbe kwa mikono huku wakiitana. Mfereji wa kwanza ulianguka, wa pili ulipishana, na katika wa tatu vidole vikagusana ndani ya mchanga, kukawa na kelele ambazo nadhani zilisikika hadi barabarani.

Alikuwa bado na kitu cha kusoma. Alifungua Isaya 22:11, ambapo nabii anawakemea watu wa Yerusalemu kwa sababu walitengeneza birika la maji katikati ya kuta mbili lakini hawakumwangalia yeye aliyeyafanya hayo tangu zamani. Akawauliza wenzake kama Hezekia alifanya vema kuchimba. Mmoja akasema ndiyo, kwa kuwa watu wangekufa kwa kiu. Mwingine akasema angepaswa kuomba kwanza. Wa kati akataka kujua kwa nini asifanye yote mawili, na kama inawezekana aliomba wakati akichimba. Baba yao hakuingilia. Walikuwa bado wanabishana walipokuwa wakinawa mchanga kwenye ndoo, na Jumatano iliyofuata walitaka tusome Isaya 37 ili waone kama Hezekia aliomba au la.